Rangi Kwanza, Pete Baadaye

Watu wenye nafasi katika miji yetu wamezoea siku hizi kumwendea sonara na kumtaka awafulie pete iliyo yao peke yao, badala ya kuchagua moja katika zile zilizopangwa dukani. Na miongoni mwao wamo wachache ambao, kwa mapenzi au kwa fahari, au kwa vyote viwili vikichanganyika kama vichanganyikavyo aghalabu, hutaka kito cha pete hiyo kiwe almasi ya rangi, ya manjano au ya waridi, ya buluu au ya kijani. Desturi yenyewe ni njema, na sonara anastahili riziki yake. Lakini utaratibu unaofuatwa, kwa kadiri nionavyo, umepinduliwa miguu juu: mteja hufika na picha ya pete aliyoiona katika kidole cha mtu mashuhuri, sonara huichora upya kwa kubadili vitu viwili vitatu ili isemwe kuwa ni buni, kisha wote wawili huanza kutafuta jiwe litakaloingia katika tundu la mchoro huo.

Kwa almasi nyeupe mwendo huu husameheka, maana almasi nyeupe ya karati moja iliyokatwa duara ina ndugu maelfu kwa maelfu, na ikikosekana hii itapatikana ile, wala jicho la mtu asiye bingwa halitatambua kwamba limebadilishiwa. Almasi ya rangi haina ndugu wa namna hiyo. Mbili za waridi zenye uzito mmoja na cheti cha daraja moja, zikiwekwa bega kwa bega juu ya karatasi nyeupe, huweza kuonekana moja imeelekea zambarau na nyingine imeelekea chungwa, na pete iifaayo ya kwanza huenda ikaifisha ya pili. Basi neno langu ni hili, nami nitalishika hata mwisho: katika pete ya namna hii rangi ndiyo bwana wa nyumba, na kila kitu kingine, uzito, umbo, madini, vito vya pembeni, hata ustadi wa sonara mwenyewe, ni watumishi waliokuja kuhudumu, na mtumishi amshindaye bwana wake kwa mavazi hana budi kutolewa nje.

Ili mtu aiheshimu rangi hiyo, yafaa ajue imetoka wapi. Almasi ni kaboni iliyobanwa kwa joto na uzito mkubwa mno chini ya ardhi, na ile iliyo safi na kamili haina rangi. Chembe chache za nitrojeni zikijipenyeza katika mpango wake hula sehemu ya buluu ya nuru, na jicho huletewa manjano. Chembe za boroni, ambazo ni adimu zaidi, hula nyekundu zikaacha buluu. Ya kijani hupata rangi yake kwa mnururisho wa asili wa miamba iliyokaa karibu nayo dahari na dahari, na mara nyingi rangi hiyo haizami, ni ya ngozi tu, hata mkataji mwerevu huacha makusudi kipande cha ngozi ile ukingoni mwa jiwe, kwa kuchelea kwamba akiimaliza atabaki na kito cheupe mkononi. Waridi ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa aghalabu haikutiwa kitu kigeni chochote: jiwe lilisongwa na kupindwa huko chini lilikozaliwa, tabaka zake zikateleza moja juu ya nyingine, na makovu ya msongo huo ndiyo yanayomeza sehemu ya nuru ipitayo na kuturudishia ile tunayoilipia.

Tena tunailipia kwelikweli. Mgodi wa Argyle, kaskazini ya Australia Magharibi, ambao ulitoa zaidi ya tisa katika kila kumi za almasi za waridi duniani, ulifungwa Novemba 2020, na tangu hapo macho ya wanunuzi yamegeuka kutazama kwingineko, pamoja na kwetu. Kwetu ni Mwadui, katika mkoa wa Shinyanga, ambako Mkanada John Thorburn Williamson, mjuzi wa miamba, alivumbua mwaka 1940 bomba la kimberlaiti lenye eneo la hekta 146, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kuchimbwa kwa faida. Oktoba 2022, katika mnada wa Sotheby's huko Hong Kong, almasi ya waridi ya karati 11.15, iliyokatwa kutoka katika jiwe la karati 32 lililochimbwa Mwadui, iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 57.7, yaani zaidi ya dola milioni tano kwa kila karati, na karati ni sehemu ya tano ya gramu moja. Fedha hizo hazikulipiwa uzito, kwa maana almasi nyeupe zenye uzito mara kumi ya huo zimeuzwa kwa bei iliyo chini sana. Zililipiwa ukali wa rangi.

Lakini kwa anayetaka kufundishwa kuunda pambo, Mwadui ina jiwe lingine lenye mafunzo zaidi. Oktoba 1947 ilitoka huko almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akamtunuku Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, iwe zawadi ya arusi yake ya Novemba mwaka ule. Ilikatwa London, ikatoka duara yenye karati 23.6, na zaidi ya nusu ya uzito wake ikaachwa katika meza ya mkataji. Mwaka 1953 Frederick Mew, mchoraji wa Cartier wa London, aliijengea bizimu ya umbo la ua: jiwe la waridi katikati, petali za almasi nyeupe zilizochongoka ncha mbili, ubua wa almasi nyeupe za mstatili, na vyote vikashikwa kwa platinamu. Ua lile lilionekana begani pa Elizabeth, aliyekwisha kuwa Malkia, katika siku nyingi kubwa, mojawapo ikiwa ni arusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Mtazame Mew alivyofanya. Hakutia yakuti wala zumaridi, hakutia dhahabu ya manjano, hakuongeza hata punje moja ya rangi ya pili. Akafanya kila kitu kuwa cheupe ili macho yasiwe na pa kwenda ila katikati. Hiyo ndiyo adabu ya kazi hii. Na lau mchoro ungetangulia jiwe, nani angethubutu kuchora ua ambalo moyo wake ni karati 23 za waridi? Jiwe lilikuwako kwanza, kwa miaka, ndipo ua likafuata.

Lakini nisingemshauri mtu yeyote anakili alichofanya Mew bila kufikiri, kwa sababu ua lile ni bizimu, hukaa juu ya kitambaa na kutazamwa kwa mbali, ilhali pete hutazamwa kwa kiasi cha urefu wa mkono, na jiwe la wengi wetu, likipatikana, litakuwa la nusu karati au pungufu, tena la rangi ya kupauka. Rangi dhaifu ikizungushiwa almasi nyeupe nyingi zenye kumetameta hupotea katika mmeto huo. Mtu huona pete inayong'aa, hajui kama ina waridi. Nimeziona pete za namna hii zikivaliwa katika harusi, na nikawahurumia wenye kuzilipia.

Hapo ndipo inapofaa kujua madaraja. Mabingwa wa Taasisi ya Vito ya Marekani, GIA, iliyoasisiwa mwaka 1931, ambayo vyeti vyake ndivyo vinavyoaminiwa zaidi sokoni, huipima rangi ya almasi nyeupe ikiwa imelazwa kifudifudi, ili mng'aro wa uso usiwahadae. Almasi ya rangi huitazama usoni, kama itakavyotazamwa kidoleni, kwa kuwa rangi inayohesabiwa ni ile inayofika kwenye jicho. Wameiwekea madaraja tisa, kuanzia rangi ya kudokezwa tu hata ile iliyo kali na hai, na kando yake nzito na ile ya giza. Cheti hutaja vilevile rangi ya pili iliyojificha nyuma ya kwanza: waridi yenye kahawia, buluu yenye kijivu, manjano yenye kijani. Kahawia na kijivu hushusha bei sana, na kwa sababu hiyo ndizo zinazonipendeza mimi, maana hapo ndipo akili ya mwenye kuunda inapofanya kazi ambayo mfuko mtupu wa fedha hauwezi kuifanya. Waridi yenye kahawia ikiwekwa katika platinamu huonekana chafu, lakini ikilazwa katika dhahabu nyekundu, ile iliyochanganywa na shaba kwa wingi, kahawia ile hugeuka joto, na jiwe ambalo mfanyabiashara alilitupa upande wa rahisi huingia katika pete yenye heba.

Siri ya kuazima rangi kutoka katika madini si ngeni. Masonara wa India walioshika vito kwa kundan, yaani kwa karatasi za dhahabu safi zilizokandamizwa kuzunguka jiwe, waliweka chini ya kito utando wa madini wenye kung'aa, na kwa utando huo wakaiongeza nguvu nuru na rangi ya jiwe lililokuwa hafifu. Na masonara wa Ulaya wa karne ya kumi na nane walifanya vivyo hivyo katika pete zilizozibwa nyuma. Leo nyuma ya pete huachwa wazi, lakini sonara ajuaye kazi hulijengea jiwe la manjano kikombe cha dhahabu ya manjano, akaacha kitanzi chote kingine kikawa cha platinamu au dhahabu nyeupe, hata mtazamaji akaona pete nyeupe yenye jiwe la manjano iliyokolea, asijue kwamba sehemu ya manjano hiyo imepanda kutoka chini. Ya waridi hujengewa kikombe cha dhahabu nyekundu kwa sababu ileile, na vishikio vyake, ambavyo masonara huviita makucha, hufuliwa kwa madini ya kikombe, si ya kitanzi, kwa kuwa ukucha mweupe unaoinamia jiwe huingiza weupe wake ndani.

Wako wasemao kwamba huu ni udanganyifu. Sikubaliani nao, maadamu mnunuzi alilitazama jiwe likiwa tupu kabla halijavikwa, na cheti kinasema lilivyokuwa tupu. Atakayenunua jiwe la rangi likiwa tayari ndani ya pete, asiombe litolewe, huyo amejidanganya mwenyewe. Buluu ndiyo peke yake ambayo nisingeiwekea dhahabu ya manjano kwa hali yoyote, kwa kuwa manjano huipeleka katika kijani na kijivu. Buluu yataka platinamu, nayo haitaki zaidi.

Umbo la jiwe aghalabu si juu ya mteja, kwa kuwa hununua lililokwisha katwa, lakini ajue kwa nini almasi nyingi za rangi ni za mraba wenye pembe zilizokatwa au za umbo la mto, si duara. Mkato wa duara umeundwa kuirudisha nuru upesi na kwa wingi, na nuru irudiyo upesi hurudi nyeupe. Mkato ambao Henry Grossbard aliubuni mwaka 1977, mraba uliojaa nyuso ndogondogo upande wa chini, huizungusha nuru ndani ya jiwe hata ikabeba rangi zaidi kabla ya kutoka. Kwa ajili hiyo sidhani kwamba jiwe la Williamson lingekatwa duara lau lingekatwa katika zama zetu. Na mkataji hupoteza uzito pale anapotafuta uzuri, wala hili si la leo: almasi ya buluu ambayo Mfaransa Jean-Baptiste Tavernier alimwuzia mfalme Louis wa Kumi na Nne mwaka 1668 ilikuwa na karati zaidi ya 110, mkataji wa mfalme akairudisha mwaka 1673 ikiwa na karati takriban 69, ikaibwa katika vurugu za mapinduzi mwaka 1792, ikakatwa tena, na leo inakaa Washington kwa jina la Hope, ikiwa na karati 45.52. Mteja anayemwambia sonara kwamba ataka karati moja kamili, wala si 0.95, ajue kwamba yamkini mkataji aliacha kitako kinene na rangi ya kuvuja ili kuifikia hesabu hiyo iliyompendeza mnunuzi.

Juu ya taa na ngozi sina budi kukaa kidogo, kwa sababu nasaha nyingi zilizoandikwa juu ya pete hizi ziliandikwa kwa vidole vyeupe vilivyo chini ya anga ya mawingu. Mkono wa Mswahili ni wa hudhurungi, ambao kwa wengine hukaribia weusi wa mpingo, na juu ya ngozi hiyo manjano, hata ile iliyodunishwa na cheti, huwaka kwa nguvu ambayo haipati juu ya ngozi ya rangi ya nta. Waridi iliyopauka nayo huonekana nyeupe zaidi ya ilivyo, na kwa hiyo huhitaji kile kikombe cha dhahabu nyekundu kuliko inavyokihitaji Ulaya. Dukani jiwe huangaziwa kwa taa kali zilizopangwa makusudi. Litoe nje. Litazame katika kivuli cha baraza saa nne asubuhi, kisha katika jua la adhuhuri, ambalo hupausha rangi kwa ukali wake, kisha usiku chini ya taa ya nyumbani yenye umanjano, ambayo huipendelea manjano na kuidhulumu buluu. Likikuridhisha baraza na sebuleni, linunue, maana huko ndiko litakakoishi. Dukani litakuwa kwa saa moja tu.

Kisha ugumu. Watu wamesikia kwamba almasi ni ngumu kuliko mawe yote, wakadhani kwamba haivunjiki. Haikwaruziki, lakini hupasuka ikipigwa katika mwelekeo wa tabaka zake, na ncha kali za umbo la tone au la mtumbwi ndizo zinazoanza. Ncha hizo zifunikwe kwa ukucha wa pembe mbili, au jiwe zima lizungushiwe ukuta mwembamba wa dhahabu, ambao kwa jiwe la rangi una faida ya pili, kwa kuwa ukuta huo nao huiakisi rangi ya kikombe. Na hapa mapenzi yetu ya pwani kwa dhahabu ya karati 22 hugombana na kazi, maana dhahabu hiyo, kwa uzuri wake wote, ni laini, na makucha membamba yaliyofuliwa kwayo hufunguka kwa kukwama katika buibui na nywele hata siku moja jiwe likadondoka katika beseni la maji ya kuoshea vyombo. Karati 18, ambayo robo yake ni madini mengine, ndiyo ifaayo kwa makucha. Anayeona aibu kuvaa karati 18 mbele ya mashangazi zake na afuliwe bangili za karati 22, awavalie hizo.

Sonara mwangalifu hatakimbilia dhahabu. Atachonga kwanza mfano kwa nta, au ataufua kwa fedha au shaba nyeupe, na mteja atauvaa nyumbani siku kadhaa, apike nao, aendeshe gari nao, ajue kama kichwa cha pete kimekaa juu mno. Sehemu hii huchosha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Moto nao una hatari zake. Tangu mkemia Sir William Crookes aligeuze jiwe kuwa la kijani kwa miali ya radiamu mwaka 1904, watu wamejifunza kuzipaka almasi rangi kwa mnururisho, na baadaye kwa joto na shinikizo kubwa la mitambo; na leo zipo pia zilizooteshwa katika mitambo tangu punje, ambazo ni almasi halisi kwa umbile. Sizilaumu. Lakini almasi iliyopata rangi kwa mnururisho huweza kubadilika ikiguswa na moto wa bomba, na kwa hiyo sonara anayetaka kupanua pete atoe jiwe kwanza, wala asitie lehemu huku jiwe limo. Mwenye pete asimfiche sonara asili ya jiwe lake kwa haya ya kwamba lilitengenezwa; haya hiyo huenda ikamgharimu jiwe lenyewe.

Mwisho kabisa kuna jambo ambalo wauza almasi hawapendi lisemwe. Ikiwa rangi ndiyo bwana, kama nilivyodai, basi mtu anayependa waridi, na ambaye fedha zake zingemnunulia almasi ya waridi iliyopauka yenye ukubwa wa punje ya mtama, ana haki ya kuuliza kwa nini iwe almasi. Mahenge, katika mkoa wa Morogoro, ilitoa mwaka 2007 fuwele kubwa za spineli, nazo zilipokatwa zilitoa waridi na nyekundu kali ambayo almasi chache mno duniani zimeifikia, na kwa kawaida spineli haipikwi wala kutiwa chochote, hutoka ardhini na rangi yake. Ugumu wake ni daraja ya nane pale almasi ilipo kumi, nao unatosha kwa pete ya kila siku, kinyume cha tanzanaiti ambayo kidoleni hukwaruzika. Hasara yake ni kwamba haina jina la almasi. Nami nimpatapo rafiki aliyekusanya akiba yake kwa ajili ya pete ya posa, humwambia aende Mahenge kwanza, au kwa mfanyabiashara anunuaye huko, achague spineli ya karati mbili au tatu yenye rangi iliyomkamata, aijengee kikombe cha dhahabu nyekundu na makucha ya karati 18. Na almasi ndogo mbili nyeupe, akizitaka sana, aziweke mbali mabegani mwa kitanzi, ambako hazitaingilia.